Picha ya Bure na Ada Iliyofichwa: Mwaka Mgumu wa Studio za Usanifu wa Ndani

Kwa muda wa mwaka mmoja sasa nimekuwa nikisikia lalama moja kutoka kwa wenye studio za usanifu wa ndani hapa Kisumu, na nilipokwenda Nakuru na Eldoret niliikuta imenitangulia. Mteja, wanasema, haji tena kuuliza sebule yake ipangweje wala ni rangi gani itafaa. Anakuja na simu mkononi, na ndani ya simu hiyo mna picha safi ya jiko alilochorewa na programu ya akili unde kwa sekunde chache, naye ana swali moja tu: hili mtanitengenezea kwa pesa ngapi? Wengi wamehitimisha kwamba usanifu umekwisha thamani, na kwamba kiongozi wa studio amebaki na njia mbili, ama anunue programu hizo hizo na kushindana kwa kasi, ama ashushe bei hadi mteja arudi. Kwa maoni yangu hitimisho hilo limekosea chanzo cha ugonjwa. Kilichoporomoka mwaka huu ni namna tuliyokuwa tukijilipa, yaani ile ada tuliyoificha ndani ya bei ya bawaba, vigae na vitambaa vya pazia, na studio itakayovuka salama ni ile ambayo kiongozi wake atathubutu kuitoa ada hiyo hadharani kabla hajabadilisha kitu kingine chochote.

Ili jambo hili lieleweke, inafaa kukumbuka jinsi kazi yetu ilivyokulia huku. Kisumu ilitangazwa kuwa jiji mwaka 2001, Nakuru ikafuata Desemba 2021 na Eldoret Agosti 2024, na katika kipindi hicho chote hoteli, kliniki za watu binafsi, ofisi za Sacco na nyumba za kuishi kule Riat, Kiamunyi na Elgon View zimezidi kuhitaji mtu wa kupanga mambo ya ndani. Mtu huyo hakuingia sokoni akiwa na kinga yoyote. Wasanifu majengo na wakadiriaji wa gharama za ujenzi wana bodi yao ya usajili, BORAQS, iliyo chini ya Sura ya 525 ya sheria za Kenya, na ada zao zimewekewa vipimo katika kanuni. Msanifu wa ndani hana kipimo cha aina hiyo cha kumwonyesha mteja. Alimkuta mteja aliyezoea fundi ambaye huchora kabati kwa penseli juu ya kipande cha plaiwudi, papo hapo, bila kudai hata shilingi. Ili akubalike, naye akachora bure. Kisha akalirudisha jasho lake kwa mlango wa nyuma: kila kifaa kiliongezwa bei kidogo kabla ya kuingizwa katika makadirio, na duka alilompeleka mteja lilimtumia chake jioni kwa M-Pesa. Sisemi haya kwa kumnyooshea mtu kidole, kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa kazi, na ndivyo nilivyowafundisha wengine kwa miaka kadhaa.

Mpango huo uliweza kusimama maadamu mteja hakuwa na picha, hakujua bei na hakuhitaji ankara. Nguzo zote tatu zimeng'oka karibu kwa wakati mmoja. Picha zimekuwa za bure tangu programu za kuchora kwa akili unde zilipoanza kuenea mwaka 2022, na hilo ndilo linalozungumzwa na kila mtu kwa sababu ndilo linaloonekana. Bei nazo zimefunguka kwa njia ya kimya zaidi. Mnamo Januari 2024 dola moja ya Marekani ilikuwa ikikaribia shilingi 160, na kila studio ilieleza kupanda kwa gharama kwa kutaja dola. Kufikia katikati ya mwaka huo dola ilikuwa imeshuka hadi karibu shilingi 130, na mteja anayesoma habari akaanza kuuliza, kwa haki kabisa, mbona reli za droo na bomba za sinki, ambazo tulimwambia zinapanda kwa sababu zinatoka ng'ambo, hazishuki. Aliyekuwa ameficha ada yake ndani ya bei hizo hakuwa na jibu la kweli la kumpa. Tena mteja huyo sasa hupiga picha ya kifaa akiwa bado ofisini mwako, akaituma kwa duka la Nairobi, na kabla hajamaliza chai yake ameletewa bei.

Kuhusu ankara, badiliko ni la kisheria. Tangu tarehe 1 Januari 2024, kwa jumla, biashara haiwezi kukata gharama zake katika hesabu za kodi ya mapato isipokuwa gharama hizo zina ankara ya kielektroniki iliyotolewa kupitia mfumo wa eTIMS wa KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya. Mwenye hoteli au mwenye kliniki anayekarabati eneo la mapokezi hawezi kuridhika na karatasi moja iliyoandikwa "samani na mapambo" na jumla kubwa chini yake. Mhasibu wake atataka kujua kila shilingi imekwenda kwa nani, na maelezo hayo yakishawekwa mezani, pengo kati ya bei ya duka na bei ya studio linaonekana na kila aliyepo. Nimeshuhudia kikao ambamo mkurugenzi wa fedha aliweka karatasi mbili kando kwa kando na kuuliza kwa upole kabisa tofauti ile ilikuwa malipo ya kazi gani. Kazi ilikuwepo, na ilikuwa nyingi. Hatukuwa tumeipa jina.

Nitaeleza kisa kimoja tu, kwa kuwa ndicho kilichonibadilisha mawazo. Mwalimu mmoja mstaafu alituita nyumbani kwake Milimani, katika nyumba ya zamani yenye kuta nene, akiwa na picha ya jiko kwenye simu: kabati nyeupe zilizopanda hadi darini, meza ya graniti katikati, dirisha pana juu ya sinki. Ilikuwa picha nzuri, na sioni sababu ya kuikana. Fundi wetu wa kabati hakuitazama sana. Alipanda kigoda, akaifunga kamba ya timazi kwenye msumari karibu na dari, akangoja kipande cha shaba kilicho mwishoni mwake kiache kucheza, kisha akapima pengo la juu na la chini. "Mwalimu," akasema, "ukuta huu umelala." Kutoka darini hadi sakafuni ulikuwa umeinama sentimita tatu na nusu, kiasi ambacho kabati iliyonyooka ingeacha mwanya wa kupitisha mkono. Tukapima sakafu. Meza ya katikati, kwa ukubwa uliochorwa, ingebakisha sentimita 62 kati yake na jiko la kuokea, wakati mtu anahitaji angalau sentimita 90 ili apite bila kujibana, na mlango wa jiko ukifunguliwa asingepita kabisa. Nyuma ya mahali pa dirisha lile pana palipita bomba la maji taka linaloshuka kutoka ghorofani. Mwalimu alisikiliza yote akiwa ameshikilia simu yake, kisha akaizima na kuuliza: "Sasa ninyi mnatoza ngapi kwa kunipimia na kunisimamia hadi mwisho?" Tulikuwa na bei ya kabati kwa kila futi. Bei ya kupima na kusimamia hatukuwa nayo.

Kwa hiyo hoja kwamba akili unde imechukua kazi ya usanifu ndiyo naiona dhaifu kuliko zote zinazotolewa. Programu haikupanda kigoda, haikujua bomba limepita wapi, na haitapigiwa simu mlango wa kabati utakapovimba wakati wa masika. Zaidi ya hayo, mteja anayekuja na picha amekwisha kumfanyia msanifu sehemu ngumu ya mazungumzo, ile ya kutafuta maneno ya kueleza anachokipenda. Zamani kikao cha namna hiyo kilichukua siku mbili na bado tukakosea. Nakubali hata hivyo kwamba kuna watu ambao picha hizi zimewaumiza kwelikweli, nao ni vijana waliokuwa wakikaa katika vyumba vidogo mjini wakichorea studio kadhaa picha za kompyuta na kulipwa kwa kila picha. Riziki hiyo imepungua, na si haki kuwaambia kwamba hakuna kilichobadilika. Ila hasara yao haiwezi kuwa ushahidi kwamba mteja ameacha kuuhitaji usanifu, kama vile mkusanyiko wa picha za harusi katika simu za wageni haujamfanya bibi harusi asimhitaji mshonaji.

Hoja ya pili ina uzito zaidi na inastahili kujibiwa kwa subira. Wenzangu wanasema kwamba watu wa huku hawalipi mawazo: watalipia sofa, watalipia rangi, lakini ukiwaandikia ada ya usanifu katika mstari wake peke yake watainuka na kwenda kwa fundi. Kuna ukweli hapa. Mtu mwenye shilingi 80,000 za kupanga chumba chake cha kwanza atakwenda soko la Kibuye Jumapili, atachagua kitanda na meza kwa macho yake, na atakuwa amefanya uamuzi wa busara. Studio haina la kumwongezea isipokuwa labda ushauri wa saa mbili kwa ada ndogo inayojulikana. Lakini mtu huyu huyu akinunua shamba Mamboleo humlipa mpima ardhi aje kuweka bikoni za mipaka, na humlipa wakili kuandika makubaliano, ijapokuwa hakuna hata mmoja kati yao anayemletea kitu cha kubeba. Huwalipa kwa sababu wamebeba dhamana: bikoni ikikosewa kuna wa kuulizwa. Tatizo letu ni kwamba tulijitambulisha kama watu wa mawazo mazuri, tukaliacha jambo la dhamana lielee hewani, kisha tukashangaa kwamba hakuna anayetaka kulilipia. Mteja akionyeshwa kwa maandishi kwamba vipimo vikikosewa studio ndiyo itakayogharamia kabati mpya, mazungumzo ya ada huwa ya namna nyingine kabisa. Nimeyafanya mazungumzo hayo mara nyingi za kutosha kusema hivyo bila kusita, ingawa si kila mara yaliishia kwa mkataba.

Hoja ya tatu inatoka kwa watu makini, na mimi mwenyewe niliishikilia kwa muda mrefu. Inasema kwamba punguzo ambalo duka humpa msanifu ni malipo halali ya biashara: msanifu huleta wateja wengi, huchukua bidhaa kwa mkopo, huzisafirisha, huzihifadhi, na kigae kikivunjika yeye ndiye anayerudi dukani kugombana. Ikiwa mambo yote hayo yanatendeka, nakubali kwamba kuna gharama inayopaswa kulipwa, na njia ya kuilipa ni kuiandika: usafirishaji kiasi hiki, uhifadhi kiasi hiki, hatari ya uharibifu kiasi hiki. Nisilolikubali ni msanifu aliyeajiriwa na mteja ili amchagulie, kisha akalipwa na muuzaji kwa kuchagua. Njia mbili zilimshinda fisi. Siku bidhaa mbili zitakapokuwa karibu sawa kwa ubora, na moja ikawa na kamisheni, hakuna mwanadamu atakayejua kwa hakika ni kitu gani kilichouongoza mkono wake, na hata yeye mwenyewe hatajua.

Tuchukue mfano wa hesabu, kwa kuwa jambo hili mara nyingi hujadiliwa kana kwamba ni la maadili pekee. Tuseme jiko linakadiriwa shilingi 800,000, na ndani yake vifaa na ufundi halisi ni 650,000, huku 150,000 zikiwa zimetawanywa katika bei za vifaa. Mteja anakagua bei kwa simu, anagundua sehemu kubwa ya nyongeza, na kwa kuwa hajui ni ya nini anaikata: anapunguziwa 100,000, naye anaondoka akiwa bado anashuku kwamba kuna nyingine. Studio imebaki na 50,000 kwa wiki sita za kazi, kiasi ambacho hakitoshi kodi ya ofisi na mshahara wa mtu mmoja. Sasa tuseme studio ileile inaandika vifaa na ufundi 650,000 kwa bei za dukani zenye ankara, halafu katika mstari wa peke yake inaandika ada ya usanifu na usimamizi 110,000. Mteja atalipa 760,000. Amelipa 40,000 chini ya makadirio ya kwanza, na studio imepata 60,000 zaidi ya ilivyobakiwa nazo baada ya kuvutana. Ni kweli kwamba hata ada iliyo wazi hupiganiwa bei. Ila mteja anayetaka ipunguzwe anaweza kuulizwa ni kazi gani iondolewe, vipimo, michoro au ziara za kila wiki, na hilo ni jambo la kujadiliana kwa heshima, tofauti na kuvutana juu ya bei ya bawaba ambayo pande zote mbili zinajua si ya kweli.

Kuna jambo jingine ambalo mfumo wa zamani ulilificha, na kwa maoni yangu ndilo linaloua studio nyingi kuliko uhaba wa wateja. Fedha zote za vifaa zilipokuwa zikipitia akaunti ya studio, malipo ya awali ya mteja mmoja yaligeuka kuwa mtaji wa kumalizia kazi ya mwingine. Nakiri kwamba katika studio niliyoiongoza tuliwahi kumalizia kabati za mteja wa Kakamega kwa malipo ya awali ya mteja wa Bungoma, tukitarajia malipo ya mwisho ya yule wa kwanza yangewahi. Hayakuwahi. Kwa wiki tano nilimpigia mteja wa Bungoma simu nikimweleza kuhusu ucheleweshaji wa graniti, na kila nilichomwambia kilikuwa kweli nusu. Tuliilipa kazi hiyo kutoka mifukoni mwetu na akapata jiko lake, lakini ile sauti yake ya mwisho kwenye simu, ya mtu aliyeacha kuuliza, sijaisahau. Tangu hapo kanuni yetu ni kwamba mteja hulipa duka moja kwa moja kwa namba ya duka, ankara ikatoka kwa jina lake, na fedha za mafundi hukaa katika akaunti ambayo haichanganywi na ya ofisi. Kiongozi ambaye ada yake imo ndani ya bei za vifaa hawezi kuiweka kanuni hii hata akitaka, kwa sababu mteja akilipa duka mwenyewe ada inapotea.

Nimesema kwamba ada itolewe hadharani kabla ya kitu kingine, lakini ndani ya studio wapo wanaopaswa kuambiwa kabla ya mteja. Wa kwanza ni wafanyakazi. Mabadiliko ya aina hii yakitangazwa kwa ghafla, msanifu kijana husikia jambo moja tu, kwamba picha zake hazihitajiki, na huanza kutafuta kazi Nairobi siku hiyohiyo. Mwingine ni fundi, ambaye naye alikuwa akipata chake kutoka dukani na ambaye, kamisheni ikiondolewa bila malipo yake ya ufundi kuongezwa, atakuwa amepunguziwa mshahara na mtu anayejisifu kwa uwazi. Nilikosea hapo mwanzoni kwa kuzungumza na wateja kwanza, na fundi mzuri aliondoka. Kuhusu mikataba iliyokwisha kutiwa sahihi, naona haifai kuguswa. Imalizwe kwa masharti yake ya zamani, hata kama hilo litamaanisha kuendesha mifumo miwili sambamba kwa miezi minne au mitano. Kipindi hicho ndicho kigumu zaidi kwa mfuko wa studio, kwa sababu kazi za zamani zinakwisha huku ada mpya zikiwa bado chache, na asiye na akiba ya mishahara na kodi ya miezi mitatu hivi atarudia kuficha bei kabla mpango haujazaa.

Yule kijana wa picha ana kazi mpya, na ni kazi yenye elimu zaidi kuliko ile aliyoipoteza. Serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma Februari 2018, studio nyingi za huku zilizoea MDF, yaani mbao za unga wa miti ulioshindiliwa, na mbao za Kongo zinazopitia Busia. Rais alipotangaza Julai 2023, akiwa Molo katika kaunti ya Nakuru, kwamba marufuku hiyo imeondolewa, mjadala wa kuchagua mbao ulifunguka upya, na pamoja nao likaja swali ambalo picha haiwezi kulijibu: mbao hii imekauka kiasi gani? Kisumu iko kando ya ziwa, kwenye mwinuko wa mita 1,100 na ushei, na hewa yake ina unyevu. Nakuru iko karibu mita 1,850 na hewa yake ni kavu zaidi. Mlango uliotengenezwa Kisumu wakati wa mvua za Machi hadi Mei kwa saipresi ambayo haijakauka vizuri, ukipelekwa Nakuru, utasinyaa kiangazi cha Januari na kuachia nyufa kwenye maungio. MDF isiyozibwa kingo karibu na sinki itafanya kinyume chake, itavimba kama mkate uliolowa. Kijana anayekwenda kwenye ua wa mbao na kipima unyevu, akaandika namba katika daftari, akazikataa mbao tatu kati ya kumi na kueleza sababu, amemwokolea mteja fedha ambazo hakuna kazi ya picha ingemwokolea. Ziara hiyo inapaswa kuwa na bei yake, naye apewe sehemu yake inayojulikana. Nimeona vijana wawili wakiibadilikia kazi hii kwa furaha, na mmoja akiikataa kwa sababu alisomea kuchora na alitaka kuchora, siwezi kumlaumu.

Wateja walio tayari zaidi kwa mfumo huu, kinyume na nilivyotarajia, si mashirika makubwa bali ni Wakenya walio ng'ambo wanaojenga nyumbani. Mwaka 2024 fedha zilizotumwa nchini na Wakenya wanaoishi nje zilifikia karibu dola bilioni 4.9, na sehemu yake inaonekana kwa macho katika nyumba zinazoinuka Siaya, Vihiga na vitongoji vya Kisumu. Mtu aliye Marekani au Uingereza hawezi kuja kukagua kigae. Mara nyingi ameshawahi kumtumia jamaa fedha za ujenzi na kuletewa hadithi. Anapoambiwa kwamba kuna ada ya mwezi ya usimamizi, kwamba ankara za duka zitakuja kwa jina lake, na kwamba kila Ijumaa atapokea picha za kazi zikiwa na vipimo vilivyoandikwa ukutani kwa chaki, huuliza mambo mengi juu ya ratiba na machache sana juu ya ada. Huyu ndiye anayethibitisha kwamba usemi wa kwamba watu wetu hawalipi kisichoshikika ni mwepesi mno.

Uwazi una faida ya kodi pia, ambayo naona haijafikiriwa vya kutosha. Biashara ikifikisha mauzo ya shilingi milioni 5 kwa mwaka ya bidhaa na huduma zinazotozwa VAT, kodi ya ongezeko la thamani, inalazimika kujisajili na kutoza asilimia 16. Studio inayonunua kila kitu kwa jina lake na kuuza jiko zima kwa 800,000 itakuwa imevuka kiwango hicho kwenye jiko la saba. Ingawa baada ya kusajiliwa itaweza kudai VAT iliyolipa dukani, ile sehemu ya ufundi na nyongeza itaongezewa asilimia 16, na mteja wa nyumbani hana pa kuidai. Studio inayotoza ada ya 110,000 huku mteja akinunua vifaa mwenyewe, kwa majiko hayohayo saba, mauzo yake ni 770,000. Wateja walio kampuni watakata asilimia 5 ya ada hiyo kama kodi ya zuio na kuiwasilisha KRA, nayo huhesabiwa katika kodi ya mwisho wa mwaka mradi studio imehifadhi cheti. Hata tatizo la fundi asiye na eTIMS lina njia, kwani tangu mwishoni mwa 2024 sheria inamruhusu mnunuzi kutoa ankara kwa niaba ya muuzaji mdogo ambaye mauzo yake hayazidi milioni 5 kwa mwaka. Hayo yote yanahitaji mtu wa kuyashughulikia, na katika studio ya watu wanne mtu huyo ni kiongozi mwenyewe, usiku.

Kinachonisumbua zaidi sasa kiko nje ya studio. Taasisi zinazotoa kazi kubwa huku kwetu, zikiwemo Sacco, shule na ofisi za umma, bado hutangaza zabuni za ukarabati wa ndani kwa fomu inayodai bei ya kila kiti, kila pazia na kila mita ya sakafu, bila mstari hata mmoja wa ada ya usanifu na usimamizi. Anayeandika bei halisi za dukani na kuiweka ada yake wazi hana pa kuiweka. Anayeitawanya ndani ya viti anajaza fomu vizuri na kushinda. Kwa maneno mengine, mnunuzi anayedai uwazi katika ankara analazimisha ufichaji katika zabuni. Marekebisho yanayohitajika ni madogo: usanifu utangazwe na kulipwa kwanza, kazi ya ujenzi na samani itangazwe baadaye kwa orodha ambayo msanifu ameiandaa, na msanifu huyo asiruhusiwe kuuza chochote kilichomo katika orodha hiyo. Mpaka hilo lifanyike, mwenye studio anayejaza zabuni kwa uaminifu ataendelea kuambatanisha ukurasa wake mwenyewe wa ada nyuma ya fomu, akijua kwamba huenda ukachomolewa kabla kamati haijaufikia.